Mkono wa Mwenye Kamba

Iringa, 6 Desemba 1976

Mvua imepiga mabati ya ofisi tangu saa nne mpaka saa nane, na Bwana Crispin akachagua saa hizohizo kututangazia mpango wake, kwa hiyo nusu sikuisikia. Nusu niliyoisikia inanitosha.

Mwaka jana gari la sinema la kituo chetu cha mifugo lilikwama Usangu zaidi ya wiki. Lilibeba jenereta, projekta ile kubwa ambayo wanaume wawili huishusha kwa kuhema, na masanduku ya picha za vioo. Sanduku moja lilitumbukia mtoni. Wafugaji waliokuwa wanangoja kuonyeshwa mambo ya chanjo wakaonyeshwa namna ya kusukuma gari kwenye tope. Sasa Bwana Crispin, mkuu wetu, anataka maonyesho yote yaliyobaki yaingie kwenye kitu ambacho mtu mmoja anaweza kutembea nacho.

"Dada Tekla," akaniambia, "chumba cha giza ni chako. Nipunguzie masanduku haya yawe hivi." Akaonyesha kwa vidole kitu chenye ukubwa wa kopo la mafuta ya kujipaka.

Nilidhani anatania. Nilisahau kwamba Bwana Crispin hatanii.

8 Desemba

Nimeyafungua masanduku. Vioo vyenyewe ni vya enzi za Mwingereza. Bwana mifugo mmoja alipiga picha hizo Usukumani miaka ya thelathini, kila kioo mraba wa kiganja, na picha imeganda juu yake kama utando wa maziwa. Ukikiinua dirishani unaona kila kitu, na nikisema kila kitu nina maana ya nywele za mkia wa ng'ombe, vumbi kwenye kwato, kifungo kilichokatika kwenye shati la mtu aliyesimama mbali. Nilikaa navyo asubuhi nzima mpaka chai ikapoa. Nimejifunza kazi hii Dar es Salaam miaka miwili, ninajisifu kwayo kila mahali, na sijawahi kupiga picha hata moja iliyokaribia hizo. Niliona haya na nilifurahi kwa pamoja.

Habari mbaya ni kwamba filamu hakuna. Upo mkanda mmoja wa kupigia na mmoja wa kuchapia, mingine haiingii nchini kwa sababu fedha za kigeni hazipo. Itanibidi kila fremu ya mkanda niigawe ibebe picha mbili.

Na kuna jambo jingine. Kioo kikishanakiliwa hakirudi sandukuni. Kinakwenda kwa Fundi Liberatus, seremala wetu, akioshe kwa magadi mpaka kiwe cheupe, akikate vipande vitatu, kiwe vioo vya kupimia damu kwenye zahanati ya jirani. Zahanati wameishiwa. Wanaosha vile vya zamani mpaka vimejaa mikwaruzo, na homa ndiyo kwanza inapamba moto kwa mvua hizi. Siwezi kubishana na mtoto mwenye homa. Lakini maana yake ni hii: chochote nitakachokiacha nje ya mkanda kitakuwa kimekwisha kabisa, hapa duniani hakitaonekana tena.

13 Desemba

Mvua. Fundi Liberatus kaja kuuliza vioo vya kwanza viko wapi. Nikamwuliza viti vya ofisi alivyochukua kuvitengeneza tangu Julai viko wapi. Akaondoka polepole, kama anavyofanya kila kitu.

15 Desemba

Kupunguza picha kuna njia mbili. Unaweza kurudi nyuma na kamera, kila kilichomo kikaingia, lakini kila kilichomo kinakuwa kidogo, na chembechembe za filamu zinaanza kukila: kwanza nyusi, halafu sura, halafu mtu mzima. Au unaweza kusogea karibu, ukachagua kimoja, na vingine ukavikata. Leo tulitakiwa kuamua.

Nilikuwa na kipande cha filamu ya zamani, nikajaribu picha chache kwa njia zote mbili. Nikaunganisha projekta ndogo na betri ya gari, nikatupa mwanga ukutani. Alihitajika mtu wa kukaa nyuma kabisa ya ukumbi, mahali ambapo mtazamaji wa mwisho angekaa, atuambie anaona nini. Ukiacha mimi na Bwana Crispin, wote walikuwa wamekimbilia nyumbani kabla mvua haijarudi. Aliyekuwepo ni Liberatus tu, kwa kuwa yeye hakimbii.

"Fundi, unaona nini?" nikamwuliza kwenye picha ya kwanza, ile iliyoingiza kila kitu.

"Ng'ombe."

"Na nani amemshika?"

Alikunja uso akainama mbele. "Naona kijiti."

"Si kijiti, ni mtu."

"Basi ni mtu kama kijiti."

Nikageuza mkanda mpaka kwenye ile niliyoisogelea. "Ah," akasema, "hii sasa ni ng'ombe. Mpaka sikio naliona."

Bwana Crispin akafunga daftari lake. "Umesikia mwenyewe. Tunaonyesha ng'ombe na sindano, hatuonyeshi watu. Sogea, kata."

20 Desemba

Ninakata. Kazi yenyewe ni tamu, siwezi kusema uongo. Kichwani nina mizani: sindano lazima ionekane, bega la ng'ombe, kinyesi cha ng'ombe mgonjwa, basi. Miti ya nyuma inakwenda. Mawingu yanakwenda. Watoto waliokuja kutazama kamera wanakwenda.

Leo kuna picha moja iliyonichekesha. Ng'ombe jike mweupe, ana baka jeusi limezunguka jicho kama mtu aliyepigwa ngumi, na baka jingine ubavuni lenye umbo la jembe. Pembe ya kushoto imeinamia chini. Pembeni kasimama kijana ameshika kamba, kofia kaisukuma kisogoni, bangili mbili za waya mkononi, anamtazama mpiga picha kama mtu anayejua kwamba leo amependeza. Ana mwanya mkubwa na wala hauonei aibu. Nikamwambia, "Samahani kaka, nafasi ya kupendeza haipo." Nikasogeza kamera. Ng'ombe akajaa fremu, sindano ikaonekana safi, na kwa kijana ukabaki mkono tu na bangili zake.

Igowole, 25 Desemba

Nyumbani kwa Krismasi. Ukungu mpaka mlangoni. Mama ameniuliza nafanya kazi gani siku hizi, nikamwambia napunguza picha. "Kwa nini," akasema, "zimekosa nini?"

Iringa, 4 Januari 1977

Umekwisha. Nimeutoa mkanda kwenye kamba ya kukaushia, nikauviringisha, nikauweka kwenye kopo lake la bati, nikalifunga. Halafu nikasimama katikati ya chumba nimelishika. Masanduku ambayo watu wazima waliyabeba kwa kupokezana yako kwenye kiganja changu cha kushoto, na kwa mkono wa kulia ninaweza kunywa chai. Sijui niiteje hali iliyonipata. Nimefanya mimi mwenyewe na bado nilikuwa nashangaa kama mtu aliyefanyiwa.

Tukauonyesha ukutani, ofisi nzima. Bwana Crispin alitazama mpaka mwisho akasema, "Vizuri." Kwake neno hilo ni sawa na kuchinjiwa mbuzi.

Masanduku yamehamishiwa kwa Liberatus. Magadi amekwisha pewa, gunia zima.

Rujewa, 11 Januari

Land Rover imenishusha hapa, dereva hataki hata kulitazama bonde la Usangu. Nimepokelewa na Asukile, bwana mifugo, Mnyakyusa wa Tukuyu ambaye anaongea tangu niliposhuka na sasa ninaandika bado anaongea. Betri ataifunga kwenye baiskeli yake. Projekta ndogo na shuka nitabeba mimi. Mkanda uko mfukoni mwa koti langu.

"Gwe dada," ameniambia, "mwaka jana mlikuja na gari zima. Mwaka huu umekuja na mfuko tu. Sinema iko wapi?"

Nikamtolea kopo. Akalitikisa sikioni.

Usangu, 13 Januari

Tumetembea siku mbili. Mimi ni mtu wa milimani, nimezoea dunia iliyokunjwakunjwa. Hapa dunia imetandikwa. Maji yamefunika majani mpaka mbali kabisa, na juu ya maji kuna mbingu, na chini ya maji kuna mbingu nyingine, na ng'ombe wanatembea katikati. Asukile aliponyamaza, na alinyamaza kweli, nilisikia maji yakipita miguuni kwangu na ndege wasio na idadi. Nilisimama nikashindwa kuinua mguu. Kama Bwana Crispin angeniambia niipunguze nchi hii iingie kwenye fremu ningeacha kazi.

Tumefikia kwa Mihayo, kijana Msukuma mwenye mji mkubwa na maneno machache. Wazee wake walihamia kutoka upande wa Shinyanga, wakaifuata nyasi mpaka huku. Watu wa hapa hawataki chanjo. Wanasema iliwahi kuua ndama. Mihayo anaishi na mama yake, Bi Leokadia, mama mmoja mwembamba aliyenyooka, ambaye alinipokea mzigo, akaupima kwa mkono, akauliza kama wenzangu wako nyuma.

14 Januari

Nitajaribu kuandika sawasawa kama ilivyokuwa.

Shuka tulilifunga kwenye nguzo za zizi. Giza lilipoingia watu walikuwa wamejaa, na ng'ombe nyuma yao wanacheua. Nikawasha. Hakuna aliyepiga kelele, tofauti na nilivyozoea kwingine. Walianza kunong'ona Kisukuma, na Mihayo aliyekuwa anatafsiri maneno ya Asukile akaacha kutafsiri, akawa anachekea kiganjani, gizani.

"Wanasema nini?" nikamwuliza.

"Wanasema hii ina mimba ya miezi mitano. Wanasema ile ya nyuma kwato inaiuma."

Nyuma ipi? Mimi mwenyewe niliyenakili picha ile sikujua kwamba kuna ng'ombe nyuma. Nikasogea mpaka kwenye shuka nikatazama. Kulikuwa na doa la ukubwa wa ukucha pembeni, ambalo sikuwa nimelikata kwa bahati tu. Lilikuwa ng'ombe, na alikuwa amenyanyua mguu mmoja. Aliyemwona alikuwa mzee aliyekaa mwisho kabisa, zizini.

Hawa ni watu wanaomtambua ng'ombe wao akiwa bado ni kivuli kwenye upeo wa macho, asubuhi hadi jioni, tangu utotoni. Na sisi tulipima macho yao kwa macho ya Fundi Liberatus.

Halafu ikaja picha ya ng'ombe mwenye jicho jeusi.

Bi Leokadia alisimama. "Usigeuze," akasema.

"Mayu, kaa," Mihayo akamwambia mama yake. "Ni picha tu."

"Najua ni picha. Hii ng'ombe naijua. Hii ng'ombe ni ya mahari yangu."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaanza kuwataja ng'ombe walioletwa kwa baba yake siku alipoposwa, mmoja baada ya mwingine, rangi, baka, pembe, kwa majina ya Kisukuma ambayo siwezi kuyaandika, na kina mama wenzake wakawa wanaitikia kila mmoja, kwani, alivyonieleza Mihayo baadaye, mwanamke wa kwao anawajua ng'ombe wa mahari yake kama wengine wanavyojua tarehe ya ndoa. Alipofika kwa jike mweupe, alisema baka la jicho, akasema baka la ubavuni kama jembe, akasema pembe iliyolala. Hakuwa anatazama shuka. Alikuwa anatutazama sisi.

"Mume wangu Maganga aliniambia," akaendelea. "Alisema walipokuwa wanazileta kwetu walisimamishwa njiani, ng'ombe zikachomwa sindano, mzungu akajifunika kitambaa nyuma ya sanduku akampiga picha. Nikamwambia wewe muongo, unajitia ukubwa. Mpaka anakufa nilikuwa namtania na hiyo picha." Akanyoosha kidole kwenye bangili mbili za waya. "Mkono huu una mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa na tochi mkononi. Nikaizima, sijui kwa nini.

"Nilimkata, mama," nikasema.

"Alikosa nini?"

"Hakukosa kitu. Nafasi ilikuwa ndogo."

Halafu akatembea mpaka kwenye shuka, taratibu, akaweka mkono wake juu ya ule mkono, na kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya mwanga, mkono wa mumewe ukaja juu ya ngozi yake, bangili na zote. Akakaa hivyo. Ng'ombe mweupe alimfunika begani. Betri ilikuwa inaisha na mwanga unakuwa wa manjano, na sikuizima projekta mpaka ilipozimika yenyewe.

15 Januari

Asubuhi Bi Leokadia amenijia na maziwa. Kaniuliza kitu kimoja tu.

"Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

Nikamwambia yote niliyoyaona kwenye kioo: kofia kisogoni, kifua mbele, mwanya. Alipolisikia la mwanya alifumba macho. Maganga alikufa Mihayo akiwa bado mgongoni. Picha hawakuwahi kupiga, kaburi liko kaskazini walikotoka, na mtoto huyu hajui baba yake alifananaje. "Namwambia kila siku kwamba amemchukua baba yake sura yote," akasema. "Anadhani nambembeleza."

Mihayo alikuwa mlangoni anasikiliza. Hacheki ovyo, kwa hiyo sikuwa nimeona meno yake mpaka alipofungua kinywa kuniuliza, "Kioo chenyewe bado kipo?"

Ana mwanya.

Nikamwambia ukweli kuhusu magadi na zahanati. Nikamwambia labda. Ni neno baya sana kumwambia mtu.

16 Januari

Mvua.

17 Januari

Mvua. Maji yamepanda hadi kwenye miti ya zizi. Hatuwezi kutoka.

18 Januari

Mvua. Watu wamekubali chanjo, Asukile hajui amshukuru nani. Bi Leokadia aliwaambia kwamba ng'ombe wake wa mahari alichomwa sindano hiyohiyo na alizaa mpaka akazeeka. Ng'ombe wanaletwa kutoka majini, wamelowa, wanatoa mvuke. Nimefurahi na sijafurahi.

19 Januari

Mvua. Ninamwombea Liberatus augue kidogo. Mafua tu yanatosha.

21 Januari

Mvua. Yule mzee Liberatus, ambaye msimu wote nimemsema kwa kila mtu kwamba anajikokota, leo nimepiga magoti nikaomba aendelee kujikokota.

Rujewa, 25 Januari

Tumetoka, maji kiunoni. Mihayo alitusindikiza mpaka kwenye ardhi ngumu, akanipa mkono. Simu ya posta haifanyi kazi, waya umeanguka mahali. Nimepata lori la mahindi.

Iringa, 26 Januari

Sikwenda nyumbani. Nilipitia kwanza zahanati kwa sababu ipo njiani, na kwa sababu nilikuwa naogopa kwenda karakana ya Liberatus. Mtu wa maabara akanionyesha kwa furaha vioo vyake vipya, vimepangwa kwenye trei, vinang'aa. Kwenye benchi nje walikaa kina mama na watoto wenye homa, na kila mmoja damu yake ilikuwa inakwenda kutazamwa kwenye kioo kisicho na mkwaruzo. Nikasimama pale. Kuna vipande vilivyokuwa mawingu, vingine vilikuwa watoto wa Usukumani waliokuja kutazama kamera. Sikujua nilie au nishukuru.

Karakana ilikuwa kimya. Fundi Liberatus alikuwa dirishani, amenipa mgongo, ameinua kioo mbele ya jicho, karibu kabisa, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Fundi," nikasema, "umeosha vyote?"

"Masanduku mawili." Hakugeuka. "Najua, najua. Nimechelewa."

"Kwa nini umechelewa?" Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Akadhani nimekuja kugomba. "Dada Tekla, kuosha ni dakika. Kinachochukua siku ni kuangalia. Mimi macho yangu yamekwisha, ukutani pale sikuona chochote, nilisema tu ili twende nyumbani. Lakini kioo nikikisogeza hivi, naona mpaka kifungo. Sasa mtu nitamwoshaje na magadi kabla sijamwangalia? Kila mmoja namwangalia kwanza, halafu ndio namwosha."

Nikamwuliza kuhusu kijana mwenye kofia kisogoni na ng'ombe mwenye jicho jeusi.

"Yule wa mwanya?" Akatabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. "Yule zamu yake imefika mara tatu. Namrudisha nyuma. Anacheka vizuri yule."

Alikuwa sandukuni, wa mwisho kwenye foleni. Nikamwinua dirishani. Mvua ilikuwa imesita na kulikuwa na jua kidogo. Kila kitu kilikuwepo. Nikakaa chini kwenye maranda ya mbao nikalia, na Liberatus akasimama kando ameshika gunia la magadi, hajui alipeleke wapi.

27 Januari

Bwana Crispin amesema kioo kimekwisha ahidiwa zahanati, na ahadi ni ahadi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa kioo cha fremu ya picha yangu ya kipaimara, ile iliyoning'inia chumbani kwangu miaka yote, nikakiweka mezani. Ni kinene kidogo lakini mtu wa maabara kakikubali, na kitatoa vipande zaidi ya vitatu.

Halafu Bwana Crispin akanyoosha mkono nimpe kile cha kijana. Akakitazama dirishani muda mrefu sana. Nikamsimulia yote, ya doa lenye kwato inayouma, ya mkono kwenye shuka.

"Tungerudi nyuma kidogo na kamera," akasema mwishowe, "angeingia."

"Angeingia, lakini angekuwa mdogo kama kijiti."

"Wangemwona," akasema. Akanirudishia kwa mikono miwili. Vioo vilivyobaki sandukuni amevizuia visioshwe mpaka mimi na Liberatus tuvipitie pamoja, kimoja kimoja, na tumwambie nani yumo. Nilikuwa namwona mtu huyu jiwe. Inawezekana hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kutazama.

Februari

Mvua, mvua. Bonde limefungwa. Liberatus amerudisha kiti kimoja.

Usangu, 19 Machi

Duru ya pili ya chanjo. Asukile alikuja kunipokea na baiskeli, akaniuliza betri iko wapi. Nikamwambia safari hii hakuna betri, wala projekta, wala shuka. Kioo kimoja nimekifunga ndani ya khanga, na khanga nimeifunga kifuani. Siku mbili nimetembea kwenye maji kama mtu aliyebeba yai. Sijawahi kubeba mzigo mwepesi ulionichosha hivi.

Tulifika mchana, mvua imekatika, bonde lote linawaka kwa maji. Bi Leokadia alikuwa nje anaanika nafaka. Nikafungua khanga, nikamwonyesha namna ya kukishika pembeni, na namna ya kukiinua kwenye mwanga.

Alikiinua. Alitazama kwa muda ambao sikuthubutu kuupima. Nilimwona akianzia kwa ng'ombe, baka kwa baka, akahakikisha. Kisha akafuata kamba. Alifika mkononi, akasimama hapo kidogo, halafu akaendelea kupanda, akapita pale ambapo mimi nilikuwa nimemzuia, mpaka usoni.

"Umekawia," akamwambia.

Mihayo alikuwa anakuja kutoka majini na ng'ombe. Alipotuona alijua, akaacha fimbo ikaanguka, akasimama palepale, hatua chache kutoka kwetu, maji yanameremeta nyuma yake, na meno yote nje. Mama yake hakumwita. Hakukishusha kioo wala hakumpa. Alikisogeza tu mbele ya jicho lake, kulia kidogo, chini kidogo, kama ninavyofanya mimi na kamera, akimtafutia mumewe mahali pa kusimama, mpaka kofia ikakaa juu ya kichwa cha mwanawe, na uso juu ya uso, na mwanya juu ya mwanya.

Akanivuta nitazame. Nikainama kando yake.

Wote wawili walikuwa wameingia.